Moshi wa Nyumba Ndogo

Jumatatu, 15 Machi 1999. Karatina

Mvua ya njahi, ile ndefu ya Machi, haijafika, lakini Bwana Gikonyo mwenye jengo amefika na kutunyeshea maneno kutwa nzima. Alikuwa Nyeri kwa semina. Amerudi na kofia ya bure na neno jipya: jengo la kijani. Kuna shirika la mazingira linalotafuta nyumba za kupangisha zilizo safi kuliko zingine, lizipe cheti. Jengo likipata cheti, shirika litafunga mtambo wa sola juu ya paa na kila mpangaji atapata maji ya moto kwenye mfereji wake.

Hapo niliweka ufagio chini nikasikiliza vizuri. Mimi ni keateka hapa, mtunza jengo, tangu jengo lilipopakwa chokaa ya kwanza, na ninaijua Julai ya Karatina. Mtu huoga kwa imani.

"Tenki ya mvua tuko nayo," akasema. "Miti tuko nayo. Maganda tunatenga na plastiki. Imebaki kitu moja, Mama Ndungu. Moshi."

"Moshi ya nini?"

"Ya sigara. Wenye wanavuta wakae upande yao, wenye hawavuti wakae upande yao. Ati moshi isivuke."

Nikamuuliza kama moshi wenyewe umeshaambiwa. Hakucheka. Semina humwondolea mtu ucheshi wiki nzima.

Jumanne, 16 Machi

Amenunua rangi ya kijani ya kupaka jengo lote. Nikamwambia nijuavyo mimi kijani wanachosema si rangi. Akasema hata hivyo haiwezi kudhuru.

Alhamisi, 18 Machi

Mkutano wa wapangaji uani. Jengo letu lina pande mbili zinazotazamana, kushoto na kulia, na ua katikati. Mimi nakaa chini ya ngazi zinazounganisha pande hizo, kwa hiyo kila neno hupitia kwangu kabla ya kufika linakokwenda.

Wavutaji wengi walikubali kuhamia kushoto bila matata. Wengine walikuwa huko tayari, kama Muriithi wa bucha na mkewe Peris. Shida ilikuwa Mzee Nderitu wa namba nne, upande wa kulia. Huyu ni mzee wa reli aliyestaafu, mjane, mtu wa kiko. Jirani yake, ukuta kwa ukuta, ni Gladwell, ambaye tunamwita Mama Kagwiria. Gladwell ni mjane kutoka Meru, anauza njahi nyeusi na maharagwe sokoni, na katika kwaya ya akina mama ndiye anayeanzisha nyimbo.

Desturi yao ni hii. Jioni, akishakula, Mzee Nderitu huwasha kiko dirishani. Moshi hukata kona ukaingia kwa Gladwell. Gladwell hukohoa. Si kikohozi cha mgonjwa, ni kikohozi cha mwenyekiti anayefungua mkutano. Halafu huanza:

"Mzee Nderitu! Unataka nikufe kabla Yesu arudi?"

"Mama Kagwiria, kama anarudi leo, funga dirisha asikupate ukipigana na majirani."

Nusu saa hivi. Nimezoea mpaka napika kwa kufuata ugomvi wao: akikohoa natia maji, wakifunga madirisha ugali umeiva.

Leo Bwana Gikonyo akasema, "Mzee, wewe utahamia kushoto."

"Sitoki namba nne. Niliingia hapo treni ikiwa bado na abiria."

"Ni cheti, mzee wangu. Maji ya moto ya kila mtu iko kwa hiyo kiko yako."

"Basi nitaenda kwa ndugu yangu Sagana, mbaki na maji yenu."

Bwana Gikonyo akampa mpaka Pasaka: ahamie kushoto au aondoke kabisa. Sote tukamgeukia Gladwell, maana ndiye aliyekuwa akiomba siku hii kwa sauti kubwa kuliko zote.

"Aende," akasema. "Sasa mimi nitapumua."

Alisema akitazama viatu vyake. Nikadhani vinambana.

Jumamosi, 20 Machi

Mlima hauonekani. Joto la kabla ya mvua. Mzee Nderitu kavuta, Gladwell kakohoa. Ugali ukaiva.

Jumatano, 24 Machi

Leo lazima niandike taratibu, maana nikiandika kwa haraka nitacheka na wino utamwagika.

Kiswahili cha Bwana Gikonyo huja na kupotea kama stima. Kikipotea, Kikuyu hujaza nafasi. Na kwetu Kikuyu, moshi unaitwa ndogo. Asubuhi alileta fundi wa mabango kutoka Sagana, kijana Mkamba mwenye mwandiko mzuri, naye mwenyewe Bwana Gikonyo akawa na haraka ya kwenda Kagio kuangalia nyanya zake. Akapiga kelele kutoka kwenye pikapu:

"Fundi! Huku kushoto andika nyumba za ndogo! Huku kulia andika zile zingine!"

Akaondoka. Mimi nilikuwa sokoni. Niliporudi jioni, ukuta wetu mpya wa kijani ulikuwa na herufi nyeupe za rangi ya mafuta, ndefu kama mtoto wa darasa la kwanza. Kushoto: NYUMBA NDOGO. Kulia: NYUMBA KUBWA.

"Kijana, hii ni nini?"

"Si mzee alisema hizi ni za ndogo?"

"Na hiyo kubwa alisema nani?"

Akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto mzito. "Mama, kama hizi ni ndogo, zile zingine zitakuwa nini?"

Hiyo ni akili timamu kabisa, imekosa tu kuzaliwa upande huu wa Sagana.

Alhamisi, 25 Machi

Kumekucha na vita. Huku kwetu nyumba kubwa ni ya mke wa kwanza, na nyumba ndogo ni ya aliyeletwa baadaye, au ya yule asiyeletwa kabisa ila hutembelewa jioni. Sasa wanawake wote wa upande wa kushoto wamelala wakiwa wake na kuamka wakiwa kitu kingine.

Peris wa bucha alisimama katikati ya ua na cheti cha ndoa mkononi. "Mimi nimeolewa kanisani! Na pete! Na keki ya orofa tatu!"

"Peris, ni moshi tu," mumewe Muriithi akamwambia.

"Moshi gani? Huko sokoni wameniuliza mke mkubwa ako wapi! Na wewe unacheka? Cheka tena nikuone."

Muriithi hakucheka tena. Wanawake wa kulia, wao, walikuwa wameanza kutembea polepole kama machifu.

Bwana Gikonyo akaja, akasoma, akaketi juu ya mkebe wa rangi. "Futa," akamwambia fundi.

"Hii ni rangi ya mafuta, mzee. Lazima ukuta ikauke, nikwangue, nipake kijani tena, ikauke, ndiyo niandike."

"Basi anza."

Ndipo tone la kwanza likaanguka kwenye kofia ya semina. Halafu la pili. Halafu yote.

Ijumaa, 26 Machi

Mvua.

Jumamosi, 27 Machi

Mvua. Fundi amerudi Sagana. Amesema tumwite ukuta ukikauka. Nikamuuliza ni lini. Akatazama kule mlima ulipo siku za kawaida, akasema tuombe.

Jumapili, 4 Aprili. Pasaka

Yesu amefufuka. Mzee Nderitu anafunga mizigo.

Jumanne, 6 Aprili

Tulidhani anakwenda Sagana. Asubuhi akatokeza kwangu na koti lake la reli, vifungo vimesuguliwa.

"Mama Ndungu, nionyeshe zile za kushoto."

Nilikuwa na tatu wazi. Moja inapata jua, kama lingekuwepo. Ya pili ina kabati la ukutani. Ya tatu iko pembeni na inavuja kidogo dirishani, lakini dirisha lenyewe linatazamana na la Gladwell, ng'ambo ya ua. Nilimwonyesha ya jua. Akasema jua linamuumiza macho. Nilimwonyesha ya kabati. Akasema hana nguo. Akaingia ile inayovuja, akaenda moja kwa moja dirishani, akachungulia.

"Hii," akasema.

"Inavuja, mzee."

"Nimefanya kazi kwa mabehewa yanayovuja maisha yangu yote."

Nilimpa ufunguo na karai. Kuna jambo hapa, lakini sijalishika mkia.

Ijumaa, 9 Aprili

Mvua. Jioni Mzee Nderitu kawasha kiko. Upepo ukauchukua moshi ukaupeleka sokoni. Gladwell kafungua dirisha, kanusa, kafunga. Ugali wangu umeungua.

Jumatatu, 12 Aprili

Gladwell amekohoa mara moja, kwa kujaribu. Mvua ilikimeza kikohozi. Ng'ambo hakuna aliyesikia.

Alhamisi, 15 Aprili

Gladwell amekuja kuomba chumvi. Amekuja kuomba akiwa na mfuko wa chumvi kwenye kikapu, nimeuona.

"Mama Ndungu, yule mzee ni mgonjwa?"

"Kwa nini?"

"Hakuna moshi."

"Si ndiyo ulikuwa unataka?"

"Nilitaka, na sasa niko nayo." Akaketi kwenye kiti changu bila kukaribishwa. "Nyumba imekuwa kimya kama benki siku ya sikukuu. Zamani jioni nilikuwa na kitu ya kusema. Nikitoka sokoni napanga njiani: leo nitamwambia hivi, atanijibu hivi, nitammaliza na hivi. Sasa nitamwambia nini? Mtu akikohoa bila moshi, si watasema amerukwa na akili?"

Nikampa chumvi. Alipoondoka nilikaa nikitazama mvua. Kumbe miaka yote ile si ugomvi niliokuwa nikisikiliza. Na mimi ndiye ninayejisifu masikio.

Jumamosi, 24 Aprili

Bwana Gikonyo ameweka vipande vya mpira chini ya milango ya kushoto ili moshi usitoke. Sasa moshi hautoki na wavutaji hawaoni televisheni. Wanavutia nje, chini ya kibanda cha tenki, wamebanana kama kuku kwenye tenga, mvua ikiwapiga visigino. Muriithi anasema tangu aambiwe ana ruhusa ya kuvuta nyumbani, hajawahi kuvuta kwa taabu hivi.

Mzee Nderitu hakuwepo kibandani. Nimeliona hilo.

Ijumaa, 30 Aprili

Nimemkuta Mzee Nderitu kwenye ngazi anatafuna karafuu kama ng'ombe.

"Jino," akasema kabla sijauliza.

"Jino gani, mzee? Si meno uliyaacha kwa daktari wa reli?"

Akatazama juu, akatazama chini. "Mama Ndungu, nimeweka kiko chini. Gikonyo amesema nikimaliza mwezi bila kuvuta, nitarudi kulia, namba nne yangu. Yule mama anakaa pale peke yake. Aliniambia miaka yote nitamuua na moshi. Mtu anasikia mwisho." Akaongeza karafuu. "Usimwambie mtu."

Nikaapa. Nikamwonea huruma, nikavuta ugoro wangu kidogo puani kwa niaba yake. Ugoro hauna moshi. Nilimuuliza Bwana Gikonyo jambo hilo mapema, kabla mtu mwingine hajaliuliza.

Jumamosi, 8 Mei

Mvua. Peris ametundika shuka ya kitanda juu ya neno NDOGO. Upepo umeichukua shuka. Imepatikana NYUMBA KUBWA, na hilo nalo limeleta maneno.

Jumatatu, 17 Mei

Gladwell aliingia, akafunga mlango, akasogeza kiti karibu.

"Mtu anajiandikisha wapi kuwa mvutaji?"

Nilikuwa nakunywa chai. Sehemu kubwa ilirudi kikombeni.

"Mama Kagwiria, wewe ni wa kwaya."

"Najua mimi ni wa wapi. Karibu na yule mzee kuna nyumba wazi, ukuta kwa ukuta, na Gikonyo hawezi kunipa kama sivuti. Basi navuta. Usimwambie mtu."

Nikaapa tena. Sasa nilikuwa kama mtu aliyebeba madebe mawili yaliyojaa pomoni, moja kila mkono, kwenye njia ya utelezi. Neno moja tu kutoka kwangu na kila mtu angebaki alipo. Lakini kiapo ni kiapo. Na tuseme kweli, mvua haikuwa imenipa burudani nyingine.

Nilimsindikiza kwa Bwana Gikonyo.

"Mimi navuta," Gladwell akamwambia, mkono juu kama shahidi kortini.

"Wewe? Mama Kagwiria?"

"Shetani ni mwerevu, Gikonyo."

"Unavuta gani?"

"Ile ya... kahawia."

Maskini Bwana Gikonyo, alimwamini. Mtu aliyekuwa akikohoa vile, lazima kitu kilikuwa kifuani.

Jumamosi, 29 Mei

Bwana Gikonyo hupanga mambo ya kuhama siku moja ili nifagie mara moja. Leo alikuwa na watu wawili wa kuhamisha, na hakuona ajabu yoyote: mmoja kutoka kushoto kwenda kulia, mwingine kutoka kulia kwenda kushoto. Alishika funguo akasimama chini ya mwavuli. Mimi nilisimama mlangoni pangu, na sitasema uongo, nilikuwa nimevaa vizuri.

Mvua haikuwa kubwa, ile ya kunyunyiza tu. Mzee Nderitu alitoka NYUMBA NDOGO na godoro kichwani. Gladwell alitoka NYUMBA KUBWA na sufuria zake zote zimepangwa, kubwa chini, ndogo juu, na kitabu cha nyimbo juu kabisa kama kifuniko. Godoro halimruhusu mtu kuona mbele na sufuria vilevile. Wakagongana katikati ya ua.

"Mama Kagwiria! Unaenda wapi?"

"Kushoto. Na wewe?"

"Kulia. Nimeacha kiko."

"Umeacha?" Alisema kama amesikia mzee ameacha kula. "Nani alikuambia uache?"

"Si wewe? Si ulisema utakufa kabla Yesu arudi?"

"Nderitu! Kwani mtu akisema atakufa lazima umwamini?"

"Na wewe unatafuta nini kwa wavutaji?"

"Nimejiandikisha."

"Kuvuta? Kuvuta nini?"

"Chenye wewe unavuta!"

Muriithi alikuwa kwenye roshani na kisu cha bucha mkononi, amesahau nyama. Godoro lilikuwa linakunywa maji na kuzidi uzito, na shingo ya mzee ilikuwa inaingia mabegani taratibu. Halafu nikaona godoro linatikisika. Nikadhani ameshindwa. Kumbe anacheka. Gladwell naye akaanza, sufuria zikaanza, na kitabu cha nyimbo kikaanguka kwenye dimbwi, na hata hapo hakuacha kucheka.

"Basi mrudi kila mtu kwake," nikasema.

"Hakuna kurudi!" Bwana Gikonyo akapiga kelele chini ya mwavuli. "Nimeshapeleka majina Nyeri! Mkaguzi anakuja na hiyo orodha! Mama Kagwiria ni mvutaji, Mzee si mvutaji. Cheti yangu!"

Ikawa hivyo. Asiyevuta akaenda kwa wavutaji, na mvutaji akaenda kwa wasiovuta, kila mmoja akigeuka nyuma kila hatua. Ua ukawa kati yao tena, upana uleule.

Jumapili, 30 Mei

Habari iliyofika kanisani asubuhi ilikuwa fupi: Gladwell amehamia nyumba ndogo ya Mzee Nderitu.

Ibada haikuwa imekwisha vizuri, Mhubiri Mbae akawa yuko uani kwetu na wanawake wawili wa kwaya, viatu vimejaa matope. Alitaka kukanusha uvumi. Akainua macho akaona ukuta. Akavua miwani, akaifuta, akavaa tena. Ukuta ulikuwa bado unasema vilevile.

"Dada Gladwell," akaita. "Ni kweli umehamia... hapa?"

Gladwell alichungulia dirishani. "Ni kweli, mhubiri. Lakini hiyo ni ndogo ya moshi."

"Ndogo ya moshi ndiyo gani?"

Nikaingilia, nikaeleza Kikuyu, Kiswahili, fundi wa Sagana na nyanya za Kagio. Mhubiri ni Mmeru, alifuata mpaka Sagana, kwenye nyanya akapotea.

"Kwa hivyo ni nyumba za watu wa sigara," akasema. "Dada, wewe unavuta?"

"Sivuti."

"Sasa kama huvuti, unafanya nini kwa wanaovuta?"

Gladwell akashika fremu ya dirisha. Wale wawili wa kwaya wakatazamana vile watu wanavyotazamana wakiwa na la kusimulia wiki nzima. Niliogopa. Mwanamke anaweza kupoteza jina lake kwa dakika kama ile, na sokoni jina ndilo linalouza njahi.

Dirisha la namba nne likafunguka ng'ambo, kishindo.

"Mhubiri!" Mzee Nderitu alikuwa amevaa koti la reli, vifungo vyote. "Usimuulize yeye, niulize mimi. Mwambie atoke huko ndogo aje huku. Huku ni nyumba kubwa, na iko wazi tangu nilipomzika mama ya watoto wangu. Hakuna mwingine ndani. Na sikumwita kwa siri, mnanisikia wote!"

Tulimsikia wote. Nadhani hata Sagana walisikia.

Mhubiri akageuka kwa Gladwell. Wale wa kwaya wakageuka. Mvua yenyewe ilipunguza.

Gladwell akakohoa.

Mhubiri alidhani ni homa. Lakini sisi wa jengo hili tunakijua kikohozi kile, na Muriithi wa bucha akaanza kupiga makofi kabla mtu mwingine hajafungua mdomo.

"Mzee Nderitu," Gladwell akasema, "unataka nikufe kabla ya mahari kufika Meru?"

Jumatano, 9 Juni

Mkaguzi amekuja. Ni msichana mpole kutoka Nairobi anaitwa Shiro, ana buti za mpira na pua kali. Alinusa kila ukuta. Alitazama tenki, akatazama maganda, akapiga picha mipira ya milango. Alisoma maandishi ya ukutani akauliza kama ndogo zina vyumba vichache. Bwana Gikonyo akasema ndiyo, akajifuta jasho kwenye baridi.

Halafu akafika kwa Gladwell.

"Mama, hapa wewe ni mvutaji. Umevuta kwa muda gani?"

"Tangu Jumamosi ya juzi," Gladwell akasema. Uongo haujui, ukweli nao ulikuwa umefungwa mdomo.

"Na nasikia unaolewa na Mzee Nderitu wa namba nne, ambaye havuti." Shiro akafungua masharti yake. "Mvutaji hawezi kuhamia upande wa wasiovuta. Ingebidi mzee aje huku, na yeye ameacha, hatuwezi kumrudisha kwenye moshi. Cheti hakiwezi kutoka hivi."

Bwana Gikonyo alinishika mkono. Niliona maji ya moto yakirudi Nairobi kwenye begi la msichana. Niliona pia wazee wawili waliooana, kila mmoja dirishani pake, wakipungiana mikono mpaka mwisho wa dunia.

"Basi nimeacha," Gladwell akasema.

"Umeacha?"

"Sasa hivi. Kabisa. Sisikii hata hamu."

Shiro akamtazama kwa macho yaliyojaa heshima. "Mama, unajua wengi hushindwa miaka na miaka?"

"Mungu ni mkubwa," Gladwell akasema, na hilo halikuwa uongo.

Kwa hiyo jengo limepita. Limepita kwa sifa: ripoti itasema hapa wapangaji wawili wameacha tumbaku katika msimu mmoja. Shiro alimpiga Gladwell picha ya jarida lao, mfano wa kuigwa. Mzee Nderitu alisimama nyuma akitafuna karafuu, mabega yakimtikisika.

Akitoka, msichana aliniuliza, "Na wewe, mama, je?"

"Mimi sina moshi hata kidogo," nikasema, nikapiga chafya.

Ijumaa, 2 Julai

Mtambo umefungwa. Maji ya moto. Nimeoga mara mbili. Siwezi kuandika zaidi, vidole vimekunjamana.

Jumamosi, 10 Julai

Arusi. Ukungu ulikuwa mzito hata mlima ungeweza kuhudhuria bila kuonekana. Watu wa Meru walikuja na lori na wimbo, tukala mukimo wa viazi na mahindi mpaka mikanda ikalegezwa, na Mhubiri Mbae akahubiri kwa ufupi, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Kutoka kanisani bibi arusi alirudishwa kwanza kwake, kama ipasavyo, ili achukuliwe rasmi. Kisha akatolewa NYUMBA NDOGO kwa vigelegele, akavushwa ua, akaingizwa NYUMBA KUBWA. Peris wa bucha ndiye aliyeongoza vigelegele. Alisema katika nchi hii yote ya mlima hajawahi kuona mwanamke akivuka upande huo.

Alhamisi, 15 Julai

Jua, nusu siku. Ukuta umekauka. Fundi wa Sagana amekuja na ngazi na brashi ya waya. Safari hii Bwana Gikonyo alimwandikia kwenye karatasi, kwa Kiswahili kitupu: PENYE MOSHI, PASIPO MOSHI. Fundi akapanda, akaweka brashi kwenye N ya NDOGO.

"Wee kijana!" Gladwell akatoa kichwa namba nne. "Toa mkono hapo! Mimi nimeolewa kutoka hapo!"

Fundi akatutazama huku chini. Bwana Gikonyo akamtazama Peris. Peris akainua mabega, akasema yeye keki yake ilikuwa ya orofa tatu na hilo halifutiki.

Fundi amelipwa nauli, ameenda zake.

Jumapili, 18 Julai

Baridi. Jioni Mzee Nderitu alikuwa kwenye benchi la uani, kiko mdomoni kwa mazoea tu, bila tumbaku wala kiberiti. Mimi nilikuwa jikoni nimeteleka sufuria.

Dirisha la namba nne likafunguka, na Gladwell akakohoa.

Hapakuwa na moshi popote. Mzee akakung'uta kiko kitupu kwenye kiatu, akainuka, akaenda nyumbani.

Nikatia maji.